Jinsi Nzi Walivyomrudisha Evarist kwa Mama Yake

Evarist alikuwa amebakiza mwaka mmoja kutimiza hamsini alipofanywa kitinda mimba. Hakuzaliwa upya, wala hakuna aliyedai hivyo. Watu wa Hirbadaw ni wa kanisani na hawachezei maneno ya namna hiyo. Alihamishwa tu. Asubuhi alikuwa mtoto wa pili wa Mama Zita, nyuma ya Renatus. Jioni alikuwa wa mwisho, nyuma ya dada zake wote walioolewa, na nyuma ya mdogo wake Kelvin, ambaye yeye Evarist ndiye aliyempeleka kubatizwa kwa baiskeli, ndani ya kapu.

Waliomhamisha ni nzi. Si nzi wa chooni, ambao angalau mtu huwajua kwa sauti. Ni wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu, wasiozidi punje ya ulezi, ambao mtu huwapunga kwa mkono bila kukatiza mazungumzo.

Kabla ya hapo maisha yake hayakuwa na jambo la kusimulia. Alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya tairi kuukuu, mjini Katesh. Wafugaji wa tambarare walimheshimu, kwa maana kiatu chake kilishinda miiba, kilishinda mawe, na mara nyingine kilimshinda hata mvaaji: wapo wazee waliofariki wakaacha viatu vya Evarist havijaanza kulika kisigino. Alipanga chumba huko Jorodom, chini ya mlima, yeye na mkewe Fausta. Tope la Mlima Hanang liliposhuka, wao wawili walikuwa Hirbadaw kwenye harusi. Waliporudi, chumba hakikuwepo, cherehani ya kushonea ngozi haikuwepo, na njia ya kwenda kwao ilikuwa imehama. Walizika majirani. Walipomaliza kuzika likabaki swali dogo, la aibu kuliuliza mbele ya wafiwa: wao watalala wapi?

Fausta alikwenda kwa kaka zake, Endasak. Alipoondoka alimwambia mumewe maneno machache.

"Nitakuja siku utakaponionyesha mlango ukasema huu ni wetu. Usije ukanionyesha dirisha."

Mlango ulikuwa shida. Shamba alilogawiwa na marehemu baba yake alikwisha kulibadilisha na ile cherehani, nayo cherehani sasa ilikuwa sehemu ya mlima. Ilibaki nyumba ya mama. Na nyumba ya mama, kwa desturi ya kwao, ni ya kitinda mimba. Wakubwa huoa, huwasha moto wao mahali pengine, na aliyekwisha kuwasha moto wake harudi kulala chini ya paa la mama yake. Anaweza kula humo, kuugulia humo mchana, hata kugombana humo. Kulala, hapana. Husemwa kwamba mtu mzima akirudi kulala kwa mama yake, ng'ombe hukauka maziwa. Hakuna aliyewahi kulihakiki jambo hili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi.

Basi Evarist akalala na mbuzi, bandani. Na ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye pembe za mbuzi hao, kulikuwa na kitanda kitupu ambacho Mama Zita alikitandika kila asubuhi kwa ajili ya Kelvin, aliyekuwa chuo kikuu, mikoa kadhaa kutoka hapo, akisomea korodani za nzi.

Jambo hilo la mwisho familia haikulijua vizuri mpaka Kelvin alipokuja likizo na nzi wenyewe. Alisema umeme wa maabara haukuaminika na hakuwa na mtu wa kumwachia mifugo yake. Akashuka nayo kwenye basi, ndani ya boksi la biskuti: chupa ndogo ndogo, zimezibwa kwa pamba, kila moja ina wingu la nzi ndani.

"Wanakula nini hawa?" Mama Zita aliuliza.

"Unga wa mahindi, hamira na sukari, mama. Unapika mpaka unakuwa mzito."

"Huo ni uji."

"Ni chakula cha maabara."

"Dona au sembe?"

Kelvin alikuwa ameulizwa maswali mengi na maprofesa, lakini si hilo. Akafikiri. "Sembe, nadhani."

"Ndiyo maana ni wadogo," alisema Mama Zita, akaenda kuinjika sufuria.

Siku hiyo Evarist aliingia kula ugali akamkuta mdogo wake ameweka hadubini juu ya meza, mahali pa bakuli la mboga.

"Na humo unatafuta nini?" mama alikuwa akiuliza.

"Korodani, mama."

Mwiko ukasimama. "Za nani?"

"Za nzi."

"Nzi mwenyewe namwona kwa shida. Korodani zake utazionea wapi?"

Kelvin alikuwa kijana mwema, na kama vijana wote wema waliosoma, alidhani kila swali linataka jibu. Akaeleza. Korodani ya nzi ni kama mrija uliojikunja. Kwenye ncha yake, kule mwisho kabisa, kuna kifundo cha seli chache, nacho alikiita kitovu. Kitovu hakizai wala hakiendi popote. Kazi yake ni kutoa ishara tu, na ishara yenyewe ni protini, lakini mtu anaweza kuichukulia kama neno. Neno linasema: baki. Kuzunguka kitovu zimekaa seli shina, zimekishika kama watoto waliozunguka sufuria yenye ukoko. Hizo ndizo mama wa nyingine zote. Seli shina ikigawanyika inakuwa mbili. Moja inabaki imeshika kitovu, ya pili inasukumwa nje. Iliyobaki inalisikia lile neno, inabaki seli shina. Iliyosukumwa hailisikii tena, basi inakua, inabadilika, mwisho inakuwa mbegu ya kiume na kuondoka zake.

"Inasukumwa kwa kosa gani?" mama aliuliza.

"Haina kosa. Ni nafasi tu."

"Kwa hiyo kitovu ni mama."

"Si mama kwa maana hiyo…"

"Amekaa ndani, hatoki, kutwa anasema baki. Kama si mama ni nani? Mtendaji wa kata?"

Evarist alikuwa bado amesimama na tonge mkononi. "Na zile zilizoshika zikifa," aliuliza, "kitovu kinabaki peke yake?"

"Hapo ndipo utamu wenyewe, kaka!" Uso wa Kelvin uling'aa, ni nadra ndugu kuuliza. "Nafasi ikiwa wazi, baadhi ya zile zilizosukumwa hurudi. Zimekwisha kuanza kubadilika, lakini zinageuza. Zinashika kitovu, zinalisikia neno, zinakuwa seli shina tena."

"Zinarudi."

"Zinarudi."

"Na zilikuwa zimekwisha kutoka."

"Zilikuwa safarini kabisa, kaka."

Evarist akarudisha tonge kwenye sahani. Kelvin alidhani amempata mpenzi wa sayansi, akamwonyesha picha.

Likizo ilipokwisha na nzi kurudi chuoni, wamenenepa, Evarist alivaa shati la Jumapili akaenda kwa Mzee Sulle. Huyu ndiye aliyeongoza wazee wa ukoo. Zamani aliwahi kuwa mshauri wa mahakama, na tangu hapo alipenda hoja kuliko haki. Lakini kwa kuwa mara nyingi hivyo viwili husafiri pamoja, watu hawakuona tofauti. Alimsikiliza Evarist mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: kama nzi wanaohusika walikuwa wazima wakati wanachunguzwa. Alipoambiwa walikuwa wazima mpaka walipochunguzwa, akaitisha kikao.

Mvua ilikuwa inanyesha, hivyo walikutana kwenye mashine ya kusaga, ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika na kwa hiyo palikuwa mahali pa utulivu. Simu ya Evarist iliwekwa ndani ya debe tupu ili sauti ipande. Kelvin, aliyeambiwa tu kwamba wazee wana maswali kuhusu masomo yake, aliguswa sana.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," kilijibu kikao kizima. Mzee Sulle akainama juu ya debe. "Kelvin, sauti ya kitovu inafika umbali gani?"

"Si mbali, babu. Inaishia kwa seli inayokigusa. Ya pili yake tu tayari haisikii vizuri."

"Ikipigiwa simu?"

"Seli hazina simu, babu."

"Mama yako anakupigia kila jioni. Huko ni kugusa?"

"Babu, tunazungumzia nzi au…"

"Nzi. Jibu la nzi."

"Kwa nzi, hapana. Lazima kushikana."

Mzee Sulle akawatazama wenzake kama mtu aliyepokea kielelezo. Renatus, kaka mkubwa, mwenye nyumba ya bati jipya na asiyehitaji nafasi ya mtu, alisimama kupinga. Hakuwa na ubaya na mdogo wake. Alichukia tu kuona mambo yakienda bila yeye.

"Mzee, nzi hana ukoo. Hatuwezi kuamuliwa mambo yetu na kitu kisicho na ukoo."

"Hapana, kaka!" Debe lilipaza sauti, Kelvin alikuwa ameguswa kwenye kazi yake. "Wanao. Hawa wangu ni ukoo uliotunzwa kwenye chupa karibu miaka mia. Kila kizazi kinajulikana kimetoka wapi."

"Renatus," Mzee Sulle alisema kwa upole, "hebu tutajie babu zako."

Renatus akataja wanne. Wa tano akawa kikohozi. Akakaa.

"Kelvin. Aliyerudi, anakuwa sawasawa na yule ambaye hakutoka kamwe?"

Hapa Kelvin angeweza kusema ndiyo yakaisha, lakini ukweli haukumruhusu. "Karibu sawa, babu. Ila imeonekana kwamba baadhi yao hugawanyika polepole zaidi."

"Evarist anakaribia hamsini," alisema mzee mmoja kutoka kwenye magunia. "Polepole ndiyo inayomfaa."

Walipomaliza kucheka, Mzee Sulle akauliza swali la mwisho. "Nafasi inahesabiwa kuwa wazi lini?"

"Aliyekuwepo akiwa ameondoka na amekwisha kubadilika."

"Wewe umebadilika?"

"Babu?"

"Huko unakula nini?"

"Mara nyingi… chipsi."

"Imetosha," alisema Mzee Sulle, akamtoa shahidi kwenye debe.

Hukumu ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Desturi inakataza mtu mzima kurudi kulala kwa mama yake. Hakuna aliyetaka kuvunja desturi. Kwa hiyo Evarist si mtu mzima tena. Ni kitinda mimba, amerudi kwenye kitovu. Na kwa kuwa nyumba moja haiwezi kuwa na vitinda mimba wawili, Kelvin amesogezwa mbele na kuwa kaka yake. Evarist atamwamkia. Binti yake Violeth, ambaye alimzidi Kelvin miezi kadhaa na alizoea kumwita baba mdogo kwa kejeli, kuanzia leo atamwita baba mkubwa, na bila kejeli.

"Lakini sikiliza," Mzee Sulle alimwinulia Evarist kidole. "Undugu si tamko la kwenye mashine. Kelvin akija Krismasi utamwamkia mbele ya watu. Akiitikia, nyumba ni yako. Asipoitikia, basi yeye bado ndiye wa mwisho, nawe unatoka siku hiyohiyo."

Evarist akaingia ndani ya nyumba na mkeka wake. Ng'ombe wakaendelea kutoa maziwa, jambo ambalo Mzee Sulle alilichukulia kama uthibitisho.

Lililomshangaza Evarist ni kwamba mama yake hakuona mzaha wowote. Mama Zita alikuwa amepewa kitinda mimba na alijua namna ya kumtunza. Alimkagua miguu kabla ya kulala. Alimwekea ukoko. Mbuzi wakiingia bandani, naye alipaswa kuwa ameingia, na akichelewa mnadani mama alisimama kwenye uzio akiita jina lake kwa sauti iliyofika barabarani, ambako wafugaji wenye mikuki na viatu vyake miguuni waligeuka kumtazama fundi wao akikimbia. Renatus, ambaye alishindwa kwa hoja, aligundua kwamba kushindwa kuna faida zake.

"Dogo! Hebu nikimbilie kiberiti dukani."

"Renatus, mgongo unaniuma."

"Renatus ni nani? Kaka, bwana. Na shikamoo sijaisikia leo."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Usile chenji."

Yote hayo Evarist aliyameza. Alijua anachongoja. Alimpigia Fausta akamweleza hukumu ilivyo, na Fausta akacheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga yeye.

"Kwa hiyo nimeolewa na mtoto."

"Kwa muda wa kesi tu, Fausta."

"Na Kelvin amesema ataitikia?"

Tangu siku ya debe, Kelvin alikuwa amepunguza simu. Kwa mama yake alisema maneno mawili tu: nitaongea nitakapokuja. Kwa Evarist hakusema kitu.

"Sawa," alisema Fausta. "Krismasi nitakuja na godoro. Lakini sishuki kwenye pikipiki mpaka nisikie marahaba kwa masikio yangu."

Siku Kelvin aliposhuka kwenye basi la kutoka upande wa Singida, uwanja wa Mama Zita ulikuwa na watu kama msibani, ila wenye furaha. Mzee Sulle alipewa kiti. Renatus alisimama karibu na kiti. Nje ya uzio pikipiki ilikuwa inanguruma, dereva amekata tamaa, na nyuma yake Fausta amekaa upande, amekumbatia godoro lililoviringishwa, anatazama mbele kama mtu anayesubiri gari la kwenda mbali.

Kelvin aliingia na begi mgongoni. Evarist akatoka mbele, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

"Shikamoo kaka."

Kuku walisikika wakiparura. Kelvin alikuwa amewekewa mdomoni neno ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha kulisema kwa mtu huyu.

"Kaka, usinifanyie hivyo," alisema polepole.

"Huyo ni mdogo wako," alisahihisha Mzee Sulle.

"Babu, mmechukua nusu." Sauti ya Kelvin ilianza kupanda. "Siku ile mliniuliza kitovu kinasema nini. Hamkuniuliza kitovu kinasikia nini. Seli shina nazo hutuma ishara! Hata kitovu kinapoumbwa, zile seli zinazokizunguka ndizo zinazokiambia kisizidi kukua. Zisipokuwepo kinavimba kupita kiasi. Kitovu hakijiumbi chenyewe, kinafinyangwa na waliokishika. Mimi nimekaa hapa miaka yangu yote mpaka kidato cha sita. Nami nimemfinyanga mama. Hilo haliwezi kufutwa na debe!"

Wazee walitazamana. Hoja ilikuwa nzuri, na Mzee Sulle alionekana kuipenda kwa uchungu. Huko nje ya uzio Fausta aligeuza shingo kidogo. Evarist aliendelea kuinama, mgongo ukimuuma kwelikweli sasa, akiona mlango wake unasogea taratibu kurudi alikotoka.

Aliyejibu ni Mama Zita, kutoka kizingitini.

"Ni kweli umenifinyanga, mwanangu. Sikatai. Wewe ndiye uliyenifanya nisiweze kula peke yangu. Lakini neno langu ni hilo moja, baki, na tangu uende nimekuwa nikiuambia ukuta. Huyu," akamwonyesha Evarist kwa kidevu, "nikimwambia aoge, anaoga."

Watu hawakucheka. Kelvin alimtazama mama yake, kisha akatazama mlango, kisha akautazama ule utosi wenye mvi uliokuwa bado umeinama mbele yake.

"Shikamoo kaka," Evarist alirudia, chini zaidi.

"Na mimi sasa nitakuwa nani?" Kelvin hakumwuliza mtu hasa.

"Si ulisema mwenyewe?" alijibu Mzee Sulle. "Anakua, anabadilika, anaondoka zake. Hukusema ni jambo baya."

Kelvin akashusha begi.

"Marahaba."

"Sauti," alisema Mzee Sulle. "Kuna mtu yuko kwenye pikipiki."

"Marahaba, Evarist!"

Fausta alishuka. Alipita katikati ya wazee bila kuwaamkia, kwa sababu godoro lilikuwa limemziba uso, akasimama mbele ya mumewe.

"Mlango ni upi?"

"Huu."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Nasikia unalala mbuzi wakiingia."

"Tunalala," alisema Evarist.

Fausta akafikiri kidogo, akaliingiza godoro kwa kulisukuma kwa goti. Renatus akatangaza kwamba sasa watu wanaweza kula. Mama Zita hakuwa amemaliza.

"Evarist! Kaka yako ametoka safari hajanawa, na wewe umesimama tu kama mgomba!"

Evarist akaenda mbio jikoni, akarudi na beseni, akalishusha mbele ya kiti alichopewa Kelvin. Kelvin alikuwa bado anafuta macho kwa kiwiko. Akaingiza vidole majini, akavitoa.

"Haya ya moto sana, Evarist."

Alilisema bila kufikiri, na bila neno kaka. Alipolisikia mwenyewe alishtuka, akataka kulirudisha. Lakini mdogo wake alikwisha kushika ndoo na kwenda kuchota ya baridi, hivyo Kelvin akanyoosha miguu, akangoja.